Macho ya Eikichi

Bibi Hisano Arakawa alikuwa mshenga katika mji wetu wa Kiryu kwa miaka arobaini. Enzi hizo viwanda vya hariri vilinguruma tangu alfajiri, na hakuna aliyeoa kabla Hisano hajapita nyumba zote mbili na karatasi ya ukoo mkononi. Leo mitambo imenyamaza, na vijana huchaguana kwenye simu kama wanaochagua samaki. Wakamsahau.

Mumewe, Eikichi, alipolazwa, Hisano alinunua vichezeo viwili vya umbo la yai, vile vyenye kioo kidogo na mnyama ndani yake anayelia njaa, anayekua, anayeoa na kuzaa. Kimoja chake, kimoja cha mgonjwa. Wiki moja kabla Eikichi hajafa waligusanisha vichezeo, wanyama wao wakaoana. Mtoto alipokomaa alitoka na macho ya mnyama wa Eikichi: mazito, nusu yamefumba, kama ya mtu aliyeamshwa kunywa chai. Eikichi mwenyewe alikuwa na macho hayo hayo.

Tangu hapo Hisano akawa mlinzi wa macho. Mimi ni fundi saa, betri nilimbadilishia mimi, kwa hiyo nimeuona ukoo wote. Rangi ya mnyama wa Eikichi ilipotea kizazi cha tatu, masikio cha tano, mdomo wa bata cha nane. Kufikia cha kumi na moja yalibaki macho tu. Na mnyama akizeeka hazai tena.

Akamtafutia huyo wa kumi na moja mchumba kwa Mizuki, msusi wa mtaani kwetu, aliyekuwa na kichezeo kama hicho. Alikwenda rasmi, amevaa kimono, na boksi la keki za maharage matamu. Aliuliza tabia ya mnyama wa Mizuki, wazazi wake, kama amewahi kuugua.

"Bibi, huyu shida yake ni kunya tu," Mizuki alimwambia.

"Hata wewe ulikuwa hivyo. Namkumbuka mama yako alivyohangaika."

Harusi ilifungwa kwenye meza yangu. Walizaliwa pacha, na kila nyumba ilitakiwa kuchukua mmoja. Wote wawili walikuwa mviringo mtupu wenye nukta mbili. Kwa uchanga ule macho hayatambuliki. Kuna kitabu cha ufugaji wa viwavi wa hariri nilichokisoma peke yangu ujanani, na nilijua sifa nyingine hungoja mpaka mnyama akomae. Hata hivyo nilimnong'oneza achague yeye kwanza, angalau bahati iwe mkononi mwake.

"Bwana Takemura," alisema, "upande uliopeleka posa hauchagui kwanza."

Mizuki akachukua wa kushoto.

Siku ya pili masikio ya yule aliyebaki yalichomoza. Siku ya tano akakomaa. Hisano aliingia dukani, akakiweka kichezeo mbele yangu, akaniuliza kama betri imeharibika. Kiooni macho yalikuwa makubwa, ya duara, yanang'aa kama vifungo vya koti jipya. Nikamwambia betri ni nzima. Akaniomba niangalie tena, nikaangalia tena.

Kesho yake Mizuki alitukuta hapo hapo. Hakuketi. Alionyesha kioo chake: mnyama amesimama katikati, kope zimemlemea.

"Bibi, tubadilishane. Mimi sina shida, kwangu wote ni sawa."

Nilidhani atakubali. Ningekuwa mimi, ningekubali. Hisano alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanangu, miaka yote hiyo nimeingiza watoto wa watu katika nyumba za wengine. Mama zao walikuja kwangu wakilia, wanataka warudishwe. Sikumrudisha hata mmoja. Leo nimrudishe wangu?"

"Lakini huyu ni kichezeo tu, Bibi."

"Najua ni kichezeo. Niazime kidogo."

Akakipokea. Alimlisha wali mara mbili, akamfanyia usafi, akamtazama mpaka akasinzia. Kisha akamrudishia Mizuki kwa mikono miwili, na yule wake mwenye macho ya vifungo akamtoa mfukoni amlishe, kwa sababu alikuwa ameanza kulia njaa.

"Huyo wako," alimuuliza Mizuki, "umeshafikiria kumwoza wapi?"

Mizuki akasema bado.

"Usiwe na haraka. Kwanza tuitazame nyumba."