Binti Yangu Hajawahi Kukosa Shule

Mwalimu mkuu alinipata kwenye kituo cha kupimia majani chai, kikapu bado kiko mgongoni. Yeye mwenyewe, na suti yake, akikanyaga matope. Nilidhani kuna mtu amekufa.

"Mama, yule msichana wako bado yuko nyumbani?"

Angekuwa wapi? Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Miguu yake haimbebi na maneno yake hutoka polepole, lakini kichwa ni kizima kabisa, anajua hata mambo ya majirani ambayo mimi sijayasikia. Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimempeleka kwa huyu huyu mwalimu, akaniambia darasa maalum liko lakini mwalimu wake hajaletwa. Niache cheti cha kuzaliwa, wangeniita. Tangu hapo, kimya.

"Basi mlete kesho," akasema. "Avae yunifomu."

Wee! Nilirudi nyumbani mbio, majani ya jioni nikayasamehe. Niliazima sweta ya shule kwa jirani, nikamsuka binti yangu, nikampaka mafuta mpaka akang'aa. Aliniuliza maswali mpaka nikachoka: nani atakaa karibu naye, wanakula nini, kama mwalimu anachapa. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha.

Kesho yake, Jumanne, darasa lilikuwa linanuka rangi mpya. Walikuwepo watoto saba, na mama zao wameegemea ukuta kwa nguo za kanisani. Binti yangu alikalishwa kwenye kiti cha magurudumu ambacho mikono yake bado ilikuwa imefungwa nailoni. Nikajiambia, hii shule imejipanga. Mjinga mimi.

Kabla ya saa nne likaingia gari kutoka Kericho, akashuka afisa wa elimu maalum, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alisalimia kila mtoto kwa mkono. Kisha akachukua rejista mezani, akapitisha kidole, akainua uso akanitafuta.

"Wewe ndiye mama yake? Hongera sana. Miaka miwili, na mtoto hajakosa shule hata siku moja! Kwa hali yake, na hizi barabara zetu wakati wa mvua? Mungu akubariki."

Watu wakapiga makofi.

Miaka miwili. Asubuhi hiyo ndiyo binti yangu aliona ubao kwa mara ya kwanza. Miaka miwili hiyo nilikuwa namfungia nyumbani na redio nikienda kuchuma, mchana narudi mbio kumgeuza na kumlisha. Na huku shuleni kuna mtu ameketi, kalamu mkononi, akimwandika yupo. Jameni! Mtu mzima, aliyesoma!

Mdomo wangu unajulikana Roret nzima. Karani wa majani akinipunja hata kidogo, soko lote linasikia. Siku hiyo haukufunguka. Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama, na nilimwelewa: nikisema, gari litaondoka, mlango utafungwa, na binti yangu atarudi kwa redio yake. Nikasema, "Kongoi," asante, na makofi yakaendelea. Hiyo kongoi inanichoma mpaka leo.

Gari lilipoondoka, kiti cha magurudumu kilirudishwa stoo. Mwalimu mkuu akatuaga mmoja mmoja, akisema atatuita tena. Nilipombeba binti yangu, akanishika shingo.

"Mama, kesho tukuje saa ngapi?"

Kesho yake tulifika saa moja na nusu. Darasa lilikuwa na kufuli kubwa. Nikaenda moja kwa moja ofisini, binti mgongoni, na sikubisha hodi.

"Mama, si tulielewana tutawaita?" akasema mwalimu mkuu. "Mwalimu wao bado hajaletwa. Haya mambo yana utaratibu."

Rejista ilikuwa mbele yake. Nikainyakua. Mimi niliishia darasa la saba, lakini jina la mtoto wangu nalijua. Nikafuata mstari wake kwa kidole. Jumatatu, yupo. Jumanne, yupo. Jumatano, yupo. Alhamisi, yupo. Ijumaa, yupo.

Niliangalia kalenda ukutani, nikidhani nimechanganyikiwa. Haki ya Mungu, ilikuwa Jumatano, na saa mbili haijafika. Wiki nzima ilikuwa imeshaandikwa.

Nilidhani nitapiga kelele, lakini wapi. Nikamketisha binti yangu kwenye kiti cha wageni, nami nikaketi sakafuni, rejista mapajani.

"Sasa unangoja nini, mama?" akauliza mwalimu mkuu.

"Ijumaa," nikamwambia kwa sauti ya chini, hata mimi ikanishangaza. "Nataka nione vile huyu mtoto atafika."

Alinyoosha mkono apewe rejista. Sikumpa. Nje kengele ikalia, na watoto wakakimbia kupanga foleni. Binti yangu akamgeukia mwalimu mkuu, akamuuliza, polepole, neno kwa neno, kama hiyo ndiyo kengele ya kuingia darasani.

Mwalimu mkuu akafungua droo, akatoa ufunguo wa ile kufuli.