Nilichezea mashine ya pumzi ya bro yangu, daktari akadhani anapona

Niaje wakuu. Hii kitu sijawahi kuandika mahali. Nitaiweka venye ilifanyika, hata zile sehemu naonekana fala, na sehemu nyingi naonekana fala, so vumilieni.

Mimi ni kijana wa Kaloleni. Shule niliachia class eight. Kazi yangu ni smokie na mayai boilo pale stage. Mdomo ndio nilipewa kwa wingi. Kuna customers hata hawana njaa, wanakuja tu kusikia nikichoma watu kwa maneno.

Bro yangu mkubwa ni Barasa. Alikuwa fundi wa mjengo. Mwaka jana mbao ilimteleza floor ya tatu, akaangukia shingo.

Hakufa. Lakini uti wa mgongo uliumia huku juu, karibu na kichwa. Mimi nilikuwa najua ukiumia hapo miguu na mikono ndio zinalala. Kumbe hata misuli ya kuvuta pumzi inaweza kulala. Yake ilibaki na nguvu kidogo sana.

Alitoka ICU na tube kwa shingo. Anapumulia hapo. Sauti haitoki, juu hewa haifiki kooni. Akitaka kuongea inabidi mtu azibe tube na kidole, aseme maneno mawili matatu, halafu umuachilie apumue.

Mikono yake hainyanyuki. So kidole inakuwa yako. Anakuangalia, anachezesha mdomo, unajua anataka kusema kitu.

Sasa, pale hospitali kulikuwa na watu wa research. Wanataka kujua kama hiyo misuli ya pumzi inaweza kufunzwa upya, yaani mtu apige mazoezi ya kupumua kama vile wengine wanaenda gym. Daktari wao mmoja, tumuite Doki Mwende, akamuuliza Barasa kama anataka kuingia. Nikaziba tube, akasema "nataka" kabla hata swali iishe.

Wakatupea kamashine kama remote ya TV. Unakaunganisha kwa tube, Barasa anavuta hewa kwa nguvu zake zote, namba inatokea. Asubuhi na jioni. Mashine inajiwekea yenyewe ile namba ya mwisho ya kila siku, halafu tukienda clinic Doki anaisoma kwa laptop.

Alianza na ishirini na mbili. Doki alituambia namba ikifika hamsini na ikae hapo, wataanza mpango wa kutoa tube. Kabla ya hapo hawawezi, juu nguvu ya kukohoa hana. Makohozi ikijaa na tube haiko, inamziba.

Kumbukeni hiyo hamsini.

Asubuhi mathe alikuwa anamfanyisha mbio kabla aende soko, namba haangalii. Jioni ilikuwa ya mimi.

Siku moja jioni Barasa alikuwa amesinzia, nikabeba mashine hadi baze yetu ya kupiga stori kuonyesha maboyz. Ilikuwa imekuja na mdomo wa plastiki, ya watu hawana tube. Kevo, beste yangu anapuliza tarumbeta kanisani, akavuta mara moja ikafika mia na kitu. Watu wakashangilia.

Nikaona hiyo haina ladha, Kevo atashinda kila siku. So mimi, na hii akili yangu ya stage, nikatunga game. Unavuta polepole ufike karibu na hamsini bila kupita. Ukipita umeungua, kama karata. Ukiungua unaenda mfereji kujazia wengine mitungi; mwenye amekaribia kushinda wote ndio anafunga game na mvuto wa mwisho.

Wakuu, hiyo game ilishika. Karibu wiki mbili. Mimi ndio nilikuwa natangaza kama mpira ya redio: "Kevo anavuta, arobaini na tisa, anashika pumzi kama mpangaji amesikia caretaker wa rent." Watu walikuwa wanalala chini na kicheko.

Sikuwahi kuwaza mashine inaandika hata zetu.

Na kuna kitu mbaya kushinda hiyo. Nikirudi nyumba, charge ilikuwa imeisha. Barasa anaangalia mashine, ananiangalia. Namwambia iko kwa charge, tutafanya kesho. Kesho pia nasema hivyo. Mtu hawezi hata kujikuna pua, na mimi nimemnyima kazi moja tu anaweza kujifanyia.

Siku ya clinic ikafika. Doki Mwende akachomeka mashine kwa laptop. Akaita wenzake wawili waje waone. Arobaini na saba, arobaini na nane, hamsini. Alimpima Barasa hapo hapo akapata ishirini na tano, lakini akasema ni uchovu wa safari, nyumbani ndio mtu huvuta vizuri.

Akasema wiki ijayo Barasa aje alazwe. Wataziba tube siku nzima, akivumilia wanaitoa.

Mathe akashika kichwa na mikono mbili, machozi ikaanza.

Barasa hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia mimi. Mdomo wake ukaanza kucheza. Alitaka kidole.

Nikaweka mkono kwa mfuko.

Mathe akasema labda anataka kushukuru. Mimi, wakuu, nikacheka nikasema, "Anauliza kama kuna chapati." Wote wakacheka. Hata madaktari. Barasa akafunga macho.

Nimetupa joke nyingi hii maisha. Hiyo ndio inaniamsha usiku.

Wiki hiyo yote nilijiambia hospitali wataona wenyewe, wao ndio wamesoma. Jumapili mathe akatoa ushuhuda. Alisimama mbele ya kanisa, akaimba kwanza, akasema Mungu amerudishia mtoto wake pumzi. Kevo alikuwa kwa bendi nyuma yake ameshika tarumbeta. Aliniangalia, mimi nikaangalia viatu.

Nyumbani Barasa alikataa nimuongeleshe. Nikikaribia anafunga macho. Na bado nilikuwa namvuta makohozi na pampu tulipewa hospitali mara kumi kwa siku, so nilijua vizuri sana. Mtu wa hamsini hahitaji hivyo.

Siku ya kulazwa, Doki akaja na kifuniko kidogo cha tube, kidogo kama cha kalamu. Akamwelezea Barasa venye watafanya, pole pole, na heshima. Mathe alikuwa kando anaomba kimoyomoyo. Mdomo wa Barasa ukaanza kucheza tena, na hakuna mwenye alikuwa anamuangalia isipokuwa mimi.

Nikasema, "Doki, ngoja. Ako na kitu ya kusema."

Nikaziba tube. Nilidhani atanichomea kwa Doki hapo hapo, na ilikuwa haki yake. Alivuta hewa yenye alikuwa nayo akasema maneno mawili.

"Sema wewe."

Nikasema. Game, hamsini, mitungi, charge, yote. Nilijaribu kuanza na kajoke, ikanikwama. Katikati mathe akakaa chini kwa sakafu ya wodi.

Doki hakupandisha sauti. Aliweka kile kifuniko kwa mfuko wa koti. Akauliza ni watu wangapi walivuta, na kama nilikuwa nasafisha. Nikasema nilikuwa napanguza na T-shirt. Akaandika. Halafu akaniambia, "Si bro yako peke yake. Hizi namba zingeenda kwa watu wengine, tungewaambia zoezi linafanya kazi haraka hivi, nao wangengoja kitu haiko."

Hiyo sikuwa nimefikiria hata kidogo.

Wiki zile mbili zikafutwa kwa research. Barasa hawakumtoa, lakini ikabidi aanze upya kuhesabiwa. Wakampima vizuri akiwa amepumzika. Ishirini na nane.

Skia hapo. Kutoka ishirini na mbili hadi ishirini na nane, na mimi nimemkatia jioni zote hizo. Alikuwa anapanda kweli. Ilikuwa ushuhuda ya ukweli hapo, ndogo, na mimi nikaiharibu na yangu kubwa ya uongo.

Mathe hakunipiga. Alisema tu kanisani yeye harudi kusimama, nitasimama mimi. Nikasimama. Watu wananijua kwa kuchekesha, so wakaanza kucheka kabla nianze. Nikawaambia yote, kutoka game hadi charge.

Saa hii Barasa ako thelathini na tatu. Tube bado iko. Jioni bado ni yangu, alikubali, lakini kwa masharti yake: mimi nashika mashine, mathe ndio anasoma namba. Mimi haniamini na namba. Tukimaliza namziba tube aseme, na huwa anaongea na mathe, si mimi.

Kitu nimejifunza ni hii: mtu akiwa hawezi kujisemea, usichezee kitu inamsemea. Na kama umekosea, sema kabla watu waanze kushukuru Mungu juu yake.

Wenye mtanitusi, tusini tu, nimezoea stage. Lakini kama uko na mtu wa tube kwa nyumba, ama ulishawahi kumkosea mgonjwa wako, niandikie hapo chini. Ilichukua muda gani ndio akuongeleshe tena?