Mama Asiye na Mtoto Shuleni

Mwanangu wa mwisho alimaliza shule ya msingi, akamaliza na sekondari, kisha akamfuata kaka yake Afrika Kusini. Mimi nikabaki palepale kwenye komite ya wazazi. Hakuna aliyeniambia nitoke, na mimi sikuona sababu ya kuuliza. Mume wangu, mtu wa reli, alikuwa amekwisha kufariki. Nyumba yetu ya mtaa wa Kampemba ina vyumba vingi kuliko ninavyohitaji. Asubuhi ninavifungua vipate hewa, jioni ninavifunga, na katikati ya hapo sina wa kumsemesha.

Shule iko nyuma ya soko. Wamo watoto wa wachuuzi waliotoka Kasai, watoto wa watu wa kaskazini kama sisi, ambao babu zao waliletwa huku na migodi na reli, na watoto wa wachimbaji wanaorudi kutoka Ruashi na vumbi masikioni. Jumamosi za salongo, kazi ya pamoja, wazazi walikuja na majembe na mifagio kusafisha uwanja, na mpiga kelele nilikuwa mimi. Sijui kunyamaza. Siku moja baba mmoja alifika na suruali nyeupe, viatu vinang'aa. Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Baba, ulikuja kulima ao ulikuja kuoa?" Alilima mpaka suruali ikabadilika rangi.

Sikukuu ya shule tulipika bukari, ugali wetu, kwenye masufuria makubwa, na hapo ndipo vita vilipokuwa. Akina mama wa Kasai huchanganya unga wa mihogo na wa mahindi. Mimi ni mtu wa mahindi matupu. Kila mwaka tuligombania mwiko. Mmoja wao, mchuuzi wa nguo, aliniambia bukari yangu ni chakula cha wagonjwa. Nikamwambia ya kwake inafaa kujengea nyumba. Nilimpenda sana mama yule. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akigombana nami.

Halafu tukapata mwenyekiti mpya, kijana wa ofisini, mtu wa adabu, mwenye kompyuta kwenye mkoba. Alitaka komite iwe na utaratibu. Katika mkutano wake wa kwanza alisema kila mmoja ajitambulishe na ataje mtoto wake yuko darasa gani. Walianzia benchi la mbele. Mimi nilikuwa nyuma, nikiwasikia wakitaja madarasa mmoja baada ya mwingine, wakija upande wangu.

"Na weye, mama? Mutoto wako iko mu kilasi gani?"

"Miye sina mutoto hapa. Batoto yangu balimalizaka zamani."

"Ah! Aksanti sana, mama. Ulitumika kazi mingi. Sasa upumzike, utuachie siye wenye tuko na batoto."

Nipumzike na nini? Angenitukana ningejua la kujibu; matusi ninayo ya kutosha. Lakini alinishukuru, na watu wakapiga makofi. Nilimtazama yule mchuuzi wa nguo. Alikuwa ameinamia simu yake. Nikafunga kitenge changu vizuri, nikatoka polepole ili mtu apate nafasi ya kuniita. Hakuita mtu.

Nilichotaka kilikuwa kidogo: mahali ambapo nikikosa kufika, kuna atakayesema, "Yule mama iko wapi leo?" Kutoka nyumbani ninasikia kengele ya shule. Jumamosi za salongo nilisikia majembe pia, nikakaa karibu na mlango nimevaa tayari, kama mjinga. Hakuna aliyekuja kuuliza. Niliwakasirikia wote, na bado ningewakimbilia kama wangenipungia mkono.

Mwezi wa saba ulipofika, na baridi yake na vumbi, ikawa siku ya kutangaza matokeo. Siku hiyo haihitaji komite; anaingia yeyote. Kila mtu anajua desturi: jina la mtoto likisomwa, ndugu wanamkimbilia na vigelegele na kummwagia poda kichwani mpaka awe mweupe. Mtoto akirudi nyumbani na nywele safi, mtaa mzima unajua kwamba ameanguka, au kwamba hana watu. Nilinunua kopo langu la poda. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba yule mchuuzi wa nguo alienda mpakani Kasumbalesa kuchukua mzigo na lori limeharibika njiani. Binti yake alikuwa wa darasa la sita. Nikasema, huyu hataondoka na nywele safi mimi nikiwa hai.

Jina lake lilisomwa. Alipita mbele, akageuka kututazama, na hakuna aliyeinuka. Niliinuka mimi. Nilipenya kati ya mabenchi, nikamwaga poda kiganjani, nikafika karibu yake hata akaanza kunitabasamia. Mara mama yake akaingia langoni mbio, mkoba wa safari begani, akipiga kelele kama moto umeshika. Alinipita, bega lake likapiga mkono wangu, na poda yote ikanirukia usoni na kifuani. Alipomaliza kumkumbatia mtoto aliniona.

"Mama! Kumbe na weye uko hapa?"

Kabla sijajibu, watu wa kanisani kwake waliomfuata nyuma wakamzunguka, wakaanza kuimba. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto, sisemi uongo. Na uchungu ulinishika palepale.

Barabarani, wanawake waliokuwa wakikaanga mikate kando ya njia waliniona nilivyokuwa mweupe. Siwajui, hawanijui.

"Félicitations, mama!" wakanipongeza. "Mutoto alipita?"

"Alipita," nikasema.

Wakaacha mafuta yao, wakanipigia vigelegele, mmoja akanizunguka akicheza. Machozi yakanitoka, yakachora njia kwenye poda. "Lia tu, mama," akaniambia, "furaha ya mutoto inalizaka." Akanishika mkono. Sikuutoa mpaka mikate yake ilipoanza kuungua, akaniachia mwenyewe.