Maputo Ishirini ya Kupeleka Juu

Ni mwaka wa pili tangu nimalize fomu foo na kazi sijapata. Barua nimepeleka lodge karibu zote za Karatu. Kwa hiyo lodge moja ya kule juu, ukingoni mwa kreta, iliponiita nipambe meza ya wageni wanaosherehekea ndoa yao, nilijua nikiikosa hii sina tena pa kupeleka barua. Mama wa mapokezi aliniambia kwenye simu, "Nataka maputo ishirini yanayoelea. Nikiyapenda, kazi ni yako."

Nikaenda kwa mzee mmoja mjini, anauza vifaa vya sherehe na ana mtungi wa heliamu, ile gesi nyepesi kuliko hewa. Alijaza la kwanza, akataka kufunga.

"Ongeza, mzee."

"Linatosha, binti yangu."

"Kule juu kuna baridi. Gesi ikipoa inanywea. Yatafika yamelegea."

"Nani kakwambia?"

"Fizikia."

"Haya, msomi. Tuongeze."

Akayajaza mpaka mpira ukaanza kupitisha mwanga. Kwa kweli nilijiona nina akili.

Gari la lodge lilikuwa limekuja kuchukua kabichi, nikapanda na maputo yangu nyuma. Tulipopita geti la hifadhi na kuanza kona za msituni, moja likapasuka. Dereva akakanyaga breki.

"Dada, umenipakilia risasi humu?"

"Limegusa kabichi tu."

La pili halikugusa kitu. Wala la tatu. Hapo ndipo nikakumbuka pakiti za krispi kwenye maduka ya kule juu, zinavyokuwa zimevimba kama mito. Nimeziona tangu mdogo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya baridi, mlima nikausahau. Ukipanda, hewa ya nje inapungua, hailibani puto kama kule chini, basi gesi ya ndani inatanuka. Baridi ilikuwa inaipunguza kidogo, mlima unaivimbisha zaidi.

Nikaanza kufungua mafundo nipunguze gesi. Kucha zikateleza. Nikajaribu kwa meno, likanipasukia mdomoni.

"Simama kwanza, kaka. Tafadhali."

"Nikisimama, mlima utapungua?"

Yalifika matatu.

Nilijificha stoo ya jikoni nikapuliza mengine kwa mdomo mpaka kichwa kikazunguka. Kila nililofunga lilishuka sakafuni likatulia. Nilijua pumzi ya mtu hainyanyui puto, hilo nalo tulisoma, lakini niliendelea kupuliza. Ningefanya nini?

Mama wa mapokezi alikuja akasimama mlangoni.

"Mbona haya yamelala?"

Nikamweleza yote, mlima, hewa, gesi, harakaharaka mpaka nikakosa pumzi.

"Unajua sana," akasema. "Sasa wageni nikawaambie hayo?"

"Nipe kesho, mama. Nitayajaza nusu tu."

"Kesho asubuhi wanaondoka."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alimwambia mhudumu afagie kabla wageni hawajarudi. Nilimsaidia, nikawa nayakanyaga mwenyewe ili yaenee kwenye mfuko wa taka.

Nyumbani mama yangu aliuliza kabla sijavua viatu, "Wamekuchukua?"

Nikasema watapiga simu. Asubuhi alinikuta uani natafuta jembe niende shamba. Akanionyesha lilipo.