Pumzi ya Abshir

Nesi Kevina alitoka Masaka kuja Juba mwaka ule nchi ilipopata uhuru, na tangu wiki ya kwanza wenzake walimcheka kwa jambo moja: alizungumza na wagonjwa wasiojitambua. Mtu amelala hajui mbele wala nyuma, mpira umeingia kooni, naye Kevina anamwamkia, anamwuliza kama amelala vizuri, anamtania kwamba anakoroma. Wakasema ana kichaa kidogo. Naye hakuacha.

Uhuru ulipofika mwaka wa tano, risasi zikarudi mjini. Chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa na mtu mmoja, Abshir, mwenye duka la jumla mtaa wa Hai Jalaba. Alipigwa risasi ubavuni akifunga duka lake, basi, hana kosa lolote, alikuwa anafunga duka! Alipasuliwa, risasi ikatolewa, lakini pumzi yake bado ilikuwa ya kuazima. Mashine ndiyo iliyompumulia. Na asubuhi moja jenereta likazimika. Dizeli imekwisha, na kwa risasi zile malori ya mafuta hayapiti.

Kevina alichomoa mashine, akachomeka mfuko wa kupumulia kwenye ule mpira wa kooni, akaanza kuubonyeza kwa mkono. Bonyeza, achia, subiri. Akiacha, Abshir anakufa. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na majeruhi wengine, hakuna wa kumpokea.

Vidole vilipoanza kukakamaa alimwita mke wa Abshir, Fowsiya, Msomali wa Garissa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na tasbihi mkononi.

"Dada, kuja. Shika hapa."

"Mimi, sista? Nikimuua je?"

"Ukikaa huko ndiyo atakufa."

Fowsiya akashika. Lo! Hofu ikamshukia mikononi, akabonyeza kwa pupa kama mtu anayepepea jiko la mkaa na wageni wameshafika. Kifua cha Abshir kikajaa, kisipate nafasi ya kushuka. Kevina akamdaka kiganja.

"Polepole! Hiyo tasbihi yako, wewe nasoma namna gani?"

"Subhanallahi wa bihamdihi, subhanallahil-adhim."

"Soma yote, kwa sauti. Ukimaliza, bonyeza moja. Halafu soma tena."

Ikawa hivyo. Punje moja, pumzi moja. Zamu ya Kevina ilipofika alijaribu Salamu Maria, akaona ni ndefu mno, mgonjwa angekufa katikati, kwa hiyo naye akaazima maneno ya Fowsiya. Hata Fowsiya alicheka kidogo, machozi yakimtoka.

Mchana Mugisha, kaka yake Kevina, mwendesha boda, akaingia na matope hadi magotini.

"Kevina! Magari ya jeshi letu imekuja kuchukua Waganda. Iko barabara ya Nimule, inaondoka sasa hivi!"

"Na mgonjwa?"

"Iko na mke wake. Wewe iko na mtoto. Mimi nitamwambia Pearl nini?"

Tusimpambe mtu: Kevina alitaka kwenda. Aliogopa, alichoka, na Pearl wake alikuwa kwa bibi yake huko Masaka, akijua mama atakuja. Alimkabidhi Fowsiya mfuko. "Nenda, sista," Fowsiya akasema. "Umeshanifundisha." Kevina akatwaa mkoba wake, akafika mlangoni.

Nyuma yake akasikia maneno yakikimbizana. Fowsiya alikuwa analia, na mkono ulifuata kilio, haraka, haraka zaidi.

Kevina akautupa mkoba chini. Alitukana askari, akatukana dizeli, akaitukana na siku aliyovuka mpaka.

"Mwambie Pearl mama yake iko kazini. Nenda, Mugisha! Usinitazame hivyo."

Boda ikaunguruma, ikaenda. Kevina akarudi kitandani na hasira zake zote, akamwinamia mgonjwa. "Umesikia, mzee wa duka? Nimeachwa kwa ajili yako. Ukifa, utanitambua!"

Wakaendelea kupokezana. Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, katika zamu yake, Fowsiya akapiga yowe.

"Sista! Anakataa! Nikibonyeza ananirudisha mkono. Anakufa!"

Kevina akaweka kiganja juu ya mfuko. Kikasukumwa.

"Achia."

"Nini?"

"Achia mkono, dada. Usibonyeze."

Fowsiya akaachia, akafumba macho. Wakasubiri. Kifua kilikuwa kimetulia tuli. Kisha kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, na hapakuwa na mkono wa mtu.

"Hakatai," Kevina akasema. "Anavuta mwenyewe."

Fowsiya hakunyamaza, aliendelea kusoma huku mkono wake ukibonyeza hewa tupu. Kevina akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, akamlilia Pearl wake mpaka akachoka. Halafu akajifuta kwa upindo wa gauni, akasimama na kumwinamia Abshir sikioni.

"Habari za kuamka, mzee?"

Kope zikatikisika.