Uzi wa Pamba Kwenye Turubai la Mwita

Njoo Morotonga, uulizie mama anayeshona mahema, ukalie benchi langu la dirishani. Kisha simama, ushike nguo yako kwa nyuma. Utaikuta imelowa. Hata kiangazi hiki, ng'ombe wanapolamba matope mtoni, benchi lile halikauki. Kwa hiyo usiniambie kwamba niliota.

Nashona mahema ya kambi za watalii na mapazia ya magari yao, yale yanayoshushwa mvua ikianza. Kaka yangu Mwita alioa kwa Wajaluo, akahamia ziwani, akanunua boti ya tanga ya kubebea abiria na kabichi. Sisi watu wa ng'ombe tulimcheka. Lakini pale nyuma anapokaa kushika usukani mawimbi yalikuwa yakimpiga kila siku, hadi akalazwa kwa nimonia. Alipotoka hospitali alikuja kwangu mwembamba kama fito.

"Nishonee kuta mbili za turubai, kushoto na kulia, zinikinge maji," alisema. "Nikilowa vile tena mtanizika."

"Tukuzike wapi, mura, na wewe ulishatukimbia?"

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Kaza tu, dada. Zisije zikang'oka."

Nikakaza. Pembeni kwa chini niliweka vitanzi vya mkanda, vya kufungia ukuta kwenye ubavu wa boti, nikavishona kwa nailoni mara mbili. Hema lililoshonwa hivyo, hata tembo akilivuta halifumuki.

Mchana wa jua kali, nikiwa namalizia, akaingia mama mmoja wa makamo. Gauni lake lilikuwa limelowa chapachapa. Niamini, siku hiyo anga lilikuwa jeupe, na mto uko mbali na duka langu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa lafudhi ya Kijaluo, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Akavuta turubai mapajani kama mtu anayempakata mtoto wake mwenyewe.

"Hili ni hema," alisema.

"Ni la boti, mama."

"Ni hema. Wimbi likiruka likaingia humu, litatokea wapi?"

Ziwa nimeliona mara chache, tena nikiwa nchi kavu.

Akafumua vitanzi vyote vya chini. Akachukua rafuni uzi wa pamba, ule ninaoshonea sare za shule, akaanza kuvirudishia kwa mkono.

"Huo utakatika, mama. Huyo ni kaka yangu."

"Utakatika, ndiyo. Maji madogo yazuie. Maji makubwa yape njia."

Nilinyoosha mkono nimnyang'anye. Hapo ndipo nikaiona kazi yake, mkono ukabaki hewani. Nimeshona tangu ujana wangu, na sijawahi kuona sindano ikienda vile, haisukumwi wala haivutwi, kama samaki anayezama na kuibuka. Kila mshono ulikuwa pacha wa mwenzake. Nilisahau hofu. Nilimtazama jinsi watu wanavyomtazama bibi harusi.

Nikaenda nyuma kumletea chai. Niliporudi, kuta zilikuwa zimekunjwa vizuri na benchi liko tupu. Jirani yangu muuza mihogo alikuwa mlangoni.

"Unamkaripia nani, fundi? Muda wote uko peke yako humo. Nimesema leo umepandwa na mashetani."

Nilishika mkasi nifumue, nirudishe nailoni. Uhai wa Mwita ulikuwa mikononi mwangu, na uzi ule hata mtoto angeukata kwa meno. Lakini nani angeweza kuiharibu kazi ile? Niliweka mkasi chini, nikampa Mwita kuta zake hivyo hivyo, na usingizi ukanihama.

Alirudi msimu wa dhoruba, amenenepa. Alisema wimbi lilikuja kwa upande, likaruka ukuta mmoja, likamjazia maji hadi kiunoni, boti ikalala. Ndipo vitanzi vya ukuta wa pili vikakatika vyote kwa pamoja, maji yakamwagika nje kama ya beseni, na boti ikasimama.

"Nimemweleza mama mkwe habari ya uzi wa pamba nilioukuta kwenye vitanzi," alisema. "Ameuliza jambo moja tu. Aliyeshona alikuwa amelowa?"

Mama mkwe alikuwa na dada, mshona matanga. Aliishonea boti ya mumewe kuta za nailoni, nzuri na imara, akapanda naye. Kuta zilipatikana nzima. Wao hawakupatikana.

Tangu hapo kila turubai la boti nalimalizia kwa mkono, na uzi wa pamba, nikijaribu mshono wake. Sijaupata. Benchi silianiki juani.

Wewe unayeshona, sikia. Akiingia mtu amelowa siku ya jua, mpe nafasi akae. Usimuulize ametoka wapi. Weka mkasi mbali, utazame mikono yake.