Kitanda cha Kanini Juu ya Pikapu za Watu

Pale Timau, ukisema unataka bodi ya mbao ya pikapu, zile kingo ndefu zinazofanya kabichi zirundikwe hadi zipite kimo cha dereva, utaambiwa umtafute Gedion Kathuri. Ukimpelekea gari haulizi ni la mwaka gani. Analizunguka polepole, anainama kutazama spiringi za nyuma, anapiga ubavu kwa ngumi, kisha anasema, "Hili litabeba," au anasema, "Hili utaliua, ndugu yangu." Watu wengi wa kule wamekula viazi vilivyopita juu ya mbao zake.

Mkewe ni Kanini, mtu wa Mbeere, mwanamke mrefu wa mikono mirefu, aliyekuja kwenye baridi ile kama bibi harusi na hakuacha hata siku moja kuilalamikia. Walipata binti mmoja, Lorna, ambaye sasa ana kibanda cha chakula huko Nchiru. Ugonjwa wa Kanini ulianza tumboni. Ulipoingia kwenye uti wa mgongo, kukaa kukawa hakuwezekani. Kulala chali, miguu ikiwa imenyooka, aliweza, tena aliweza hata kucheka. Lakini akikunjwa, hata kidogo tu, maumivu yalimpanda hadi akawa hajui yuko wapi. Na kila Alhamisi alitakiwa awe hospitalini, Meru mjini, kutiwa dawa ya mshipa.

Matatu waliijaribu mara moja. Safari hiyo hawakuizungumzia tena. Ambulensi ya kukodi nayo haikuwa ya watu kama wao.

Basi Gedion akatengeneza kijumba cha kupakiwa nyuma ya pikapu. Sakafu ya mbao za saiprasi, kuta za plaiwudi, paa la bati, dirisha dogo upande wa kichwani, na ndani yake kitanda cha urefu wa Kanini hasa, alipimwa akiwa amelala. Kando ya kitanda akaweka kigoda chake mwenyewe. Chini aliweka boriti mbili ndefu, nzimanzima, kutoka kichwani hadi miguuni, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba kila kitu. Kikiwa hakina safari, kijumba kilisimama uani juu ya miguu minne ya chuma yenye skrubu, na pikapu ilirudi kinyumenyume hadi chini yake, miguu ikalegezwa, kijumba kikakaa kwenye gari, kikafungwa kwa minyororo kwenye pembe.

Pikapu yenyewe hawakuwa nayo. Hapo ndipo kanisa lilipoingia. Na kwa watu wa kanisa lile, mgonjwa habebwi na nyumba moja. Hupangwa zamu, ili mzigo usimwelemee mtu mmoja, na baraka nazo zisiende kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kila Alhamisi lilikuja gari jingine, na kila jioni ya Jumatano Gedion alikuwa na kazi ya kuoanisha kijumba kilekile na gari geni.

Pikapu ya Ngari, mwenzao wa kanisani aliyefanya biashara ya viazi, ilikuwa rahisi. Bodi yake ni ndefu na spiringi zimechoka, zikakubali kila shimo kwa upole. Pikapu ya shamba la ngano ilikuwa na matuta makubwa ya tairi ndani ya bodi, ikabidi kijumba kiinuliwe juu ya vipande vya mbao. Halafu kulikuwa na Bundi, kijana wa Maua aliyeoa Timau, dereva wa miraa, yale majani ya kutafuna ambayo magari yake hukimbizwa ili yafike sokoni yakiwa mabichi. Gari lake lilikuwa limeongezwa vyuma kwenye spiringi, na likiwa tupu liliruka kama ndama. Gedion alilitazama, akatikisa kichwa, akaenda kwa Ngari kuazima magunia ya viazi, akayapanga mbele karibu na kabini hadi gari likatulia.

"Mama Lorna," Bundi alisema siku hiyo akichungulia dirishani, "leo unaenda na gari la miraa. Ukiona watu wanatupisha barabarani usishangae, wanafikiria tuko na haraka."

"Kwani hatuna?" Kanini akauliza kutoka kitandani.

"Tuko nayo, lakini ni haraka ya kanisa."

Kanini alicheka hadi njia panda. Alifika Meru amenyooka, akatiwa dawa, akarudi amenyooka. Wauguzi walishazoea kutoka nje kukitazama kijumba. Gedion, akiwa kwenye kigoda chake, mkono juu ya kifundo cha mguu wa mkewe ili auzuie usiteleze, alianza kuamini kwamba zamu zikienda hivi, dawa itamaliza kazi yake.

Zamu ikamfikia Mzee Kaburu.

Mzee Kaburu ndiye aliyezipanga zamu zenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, mtu mpole, na gari lake lilikuwa jipya kuliko yote Timau: pikapu ya milango minne, nyeupe, viti bado vimefunikwa nailoni. Jumapili kanisani ilitangazwa kwamba wiki hiyo mgonjwa atapelekwa na Mzee mwenyewe, na watu wakapiga makofi.

Jumatano akaja. Gedion akalizunguka gari, akainama, akapima bodi kwa macho.

"Unaonaje?" Mzee Kaburu akauliza.

"Ni gari zuri, Mzee. Lakini bodi yake ni fupi. Sehemu ya mbele imeliwa na hivi viti vya nyuma. Kijumba kitatokeza nje."

"Kiasi gani?"

Gedion akanyoosha mkono, akaonyesha kutoka ncha za vidole hadi kiwiko.

"Na mlango wa nyuma?"

"Utabaki wazi. Tutaweka mnyororo. Tena uzito ukiwa huko nyuma, itabidi twende polepole sana."

Mzee Kaburu alilitazama gari lake, kisha kijumba. "Miguu ya Mama Lorna itokeze hivyo, mji wote uone? Watasema nimebeba maiti." Akamshika Gedion bega. "Haifai, hata kwa heshima yake mwenyewe. Si wewe ni fundi? Rekebisha kidogo."

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Gedion. Angesema tu: Mzee, tubadilishane zamu na Ngari. Lakini mtu ameleta gari lake jipya kukubebea mkeo mgonjwa, ametangazwa mbele ya watu, halafu umwambie gari halifai? Kule haisemwi hivyo. Ni kama kupokea uji kwa mikono miwili halafu uulize kwa nini kikombe ni kidogo.

"Nitarekebisha, Mzee," akasema.

Akachukua msumeno. Alijiambia kwamba Kanini amepungua, kwamba magoti yakiinuliwa juu ya mto hatasikia sana. Alizikata boriti zote mbili upande wa miguuni, kisha ukuta, kisha kitanda.

"Unaongeza nini?" Kanini akaita kutoka ndani ya nyumba.

"Narekebisha."

Alhamisi mlango wa nyuma ulifunga vizuri kabisa. Mzee Kaburu aliendesha kwa utaratibu, akasimama kila penye tuta, akageuka kuuliza, "Mko sawa huko?" na Gedion akajibu wako sawa. Kanini alikuwa amekunja magoti, blanketi limejaa mdomoni, na macho yake yalikuwa juu kwenye bati. Walipofika, wauguzi walikaa naye kwenye korido muda mrefu kabla hajaweza kunyooshwa. Mzee Kaburu alimnunulia maziwa na ndizi, akaomba naye. Hakujua. Siku hiyo hakuna aliyemwambia.

Aliporudi nyumbani, Gedion alifanya kile ambacho mwenyewe angemcheka fundi mwingine akimwona akikifanya. Aliunga boriti. Aliweka vipande vipya, akavifunga kwa mabamba ya chuma na bolti pande zote mbili, akarudisha kitanda kwenye urefu wake. Alipanda juu akarukaruka, kikashika. Kwenye gari laini la Ngari kikashika pia, na Kanini akaenda amenyooka, ingawa njia nzima alikuwa akisikiliza.

"Kinalia," alisema.

"Ni mbao mpya. Zitazoea."

Kwenye pikapu ya shamba kilishika, kikazidi kulia. Kwenye gari la Bundi hakikushika.

Walikuwa hawajafika hata kwenye lami. Kuna bonde dogo ambalo mvua hulichimba, na Bundi alilishuka kwa gia ya kwanza, karibu asimame. Magunia ya viazi yalikuwepo. Minyororo ilikuwa imekazwa. Lakini gari liliinua mgongo mara moja tu, maungio yakaachia, na sakafu ikazama chini ya magoti ya Kanini kama mtego. Gedion alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu. Halafu ikakatika; Kanini alikuwa amezimia.

Bundi alikuja mbio, akainama chini ya kijumba, akainuka na uso mwingine.

"Nani alikata hizi?"

"Mimi."

"Wewe? Fundi mzima? Kwa nini?"

"Gari la Mzee lilikuwa fupi."

"Si ungeniita!" Bundi alipiga paa la kabini kwa kiganja. "Si ungeniita mimi, Baba Lorna! Ningekuja, hata kama nimetoka Nairobi sijalala!" Kisha akamwona Kanini kupitia dirishani, akavua kofia.

Hawakuendelea na safari. Walimrudisha nyumbani juu ya mlango wa kijumba uliong'olewa, majirani waliokuja mbio wakishika pembe, na Alhamisi hiyo dawa haikuingia.

Fahamu zilimrudia Kanini jioni. Alimgeukia mumewe.

"Kumbe ulikata."

"Gari lilikuwa fupi, Mama Lorna."

"Sawa," alisema. "Kumbe mimi ndiye nilikuwa mrefu."

Hakumwambia jambo jingine juu ya hilo. Afadhali angemtukana.

Juma lile Gedion aliagiza boriti mpya, ndefu, nzimanzima, akajenga upya sakafu yote. Zamu ikarudi kwa Mzee Kaburu. Alifika Alhamisi asubuhi, ukungu bado umelala kwenye mashamba, na safari hii mlango wa nyuma wa gari lake ulikuwa tayari umefunguliwa. Alikuwa amekuja na mnyororo wake mwenyewe na kitambaa chekundu cha kufunga mwishoni mwa kijumba, ili madereva wengine waone.

"Kitokeze tu kadiri kinavyotaka," alimwambia Gedion kwa sauti ya chini. "Nimesikia yaliyotokea. Waseme watakavyosema."

Gedion aliingia ndani kumwambia mkewe. Alimkuta amelala chali, nywele zimefungwa kitambaa kama mtu aliye tayari kutoka.

"Amekuja na mnyororo," akasema. "Utaenda umenyooka. Nimejenga upya."

"Najua. Nimekusikia ukigonga wiki nzima. Lakini sipandi, Baba Lorna."

"Leo umechoka. Tutasema Alhamisi ijayo…"

"Si leo wala si ijayo. Mimi nilikuwa nataka kulala nimenyooka, basi. Hapa nimenyooka."

"Na dawa?"

Kanini alifumba macho. Mumewe alikuwa na maneno mengi ya kumbembeleza, na kila moja lilipofika mdomoni aliona msumeno, akalimeza.

Akatoka nje. Mzee Kaburu alikuwa amechuchumaa, anafunga kitambaa.

"Hatuendi, Mzee."

"Leo?"

"Hatuendi."

Mzee Kaburu alisimama taratibu, kitambaa mkononi. "Ni gari langu?"

"Ilikuwa gari, Mzee," Gedion akasema. "Sasa si gari."

Yule mzee alitazama chini, kwenye nyasi zenye umande, na midomo yake ikatikisika kama anayetafuta mstari wa kuanzia maombi. Kutoka ndani Kanini akaita, sauti nyembamba lakini safi:

"Mwambie aingie anywe chai. Na akiniombea, asiombe nipone."

Mzee Kaburu akaingia. Nje, gari lake jeupe lilikuwa bado linanguruma. Alikuwa ameliacha hivyo ili wasichelewe hospitalini. Gedion akaenda, akafungua mlango wa dereva, akalizima.